Tilapia, Sambaza na Wanaofanana Nao: Maswali ya Wavuvi wa Ndoana wa Ziwa Kivu

Navua kwa ndoana hapa Bukavu tangu nilipokuwa mtoto wa kubeba kopo la nyungunyungu. Kila ninapokaa kwenye mawe, mpita njia atasimama, atachungulia ndoo yangu, kisha atauliza: "Papa, huyo ni samaki gani?" Maswali ni yale yale, na majibu nimeyapata polepole: kwa wazee wa mitumbwi, kwa akina mama wa sokoni, na kwa watu wa sayansi niliobahatika kuwauliza. Nimeyaweka hapa kwa ajili ya wanaoanza kuloba, na kwa mtu yeyote anayenunua samaki na kutaka kujua anapeleka nini nyumbani.

Kwa nini nisimtambue samaki kwa rangi yake tu?

Kwa sababu rangi hufa pamoja na samaki, na wakati mwingine humtangulia. Mtoe tilapia majini umweke juu ya jiwe. Kwanza milia ya ubavuni hukolea kwa hofu, halafu hufifia. Wekundu wa kifuani hugeuka kijivu, na macho huingia ukungu. Ukifika naye nyumbani jioni, samaki wawili uliowaona tofauti kabisa asubuhi wanaweza kuonekana ndugu wa tumbo moja.

Hata akiwa hai, rangi inabadilika. Dume anayelinda kiota huvaa rangi ambazo hana siku nyingine. Samaki wa maji ya tope huwa mweupe kuliko mwenzake wa kwenye mawe meusi ya upande wa Goma. Ndiyo maana mimi huanza na vitu visivyobadilika: pezi la mgongo limeanzia wapi, pezi la mkia limeandikwa nini, tumbo ni laini au lina ukingo wa msumeno, magamba yanakwaruza au yanateleza, pua ina matundu mangapi, kuna sharubu au hakuna. Rangi naiangalia mwisho, kama ushahidi wa kuongezea.

Ziwa Kivu lina aina ngapi za samaki?

Chache. Hazifiki 30, wakati Tanganyika, jirani yetu wa kusini, ana mamia. Hili linawashangaza wengi, lakini kwa mvuvi ni habari njema: orodha fupi ni rahisi kuijifunza.

Sababu iko kwenye historia ya ziwa lenyewe. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkeno za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda mpaka yakapata mlango kusini, hapa hapa Bukavu, yakawa mto Ruzizi. Mto huo hushuka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika, kwa maporomoko ambayo samaki wengi hawawezi kuyapanda. Kwa hiyo samaki wetu wa asili wana undugu zaidi na wa kaskazini. Tena ziwa lina kina cha mita 485, lakini hewa ya kupumua samaki haishuki zaidi ya mita 60 au 70 hivi. Chini ya hapo maji yamejaa gesi, ile ya metani na kaboni dayoksaidi inayozungumzwa kila siku. Samaki wote wamebanwa kwenye ngozi ya juu ya maji na ukingoni mwa pwani.

Kati ya aina hizo, kama 15 ni haplokromisi, samaki wadogo ambao hawapatikani penginepo duniani. Na tano ni wageni walioletwa au kuingia baadaye: sambaza, samaki mdogo wa rangi ya fedha; mwingine mwenye madoa ya bluu nitakayemwelezea chini; na tilapia watatu.

Sokoni wote wanaitwa "tilapia". Kwani ni samaki mmoja?

Hapana. Kivuni wapo wanne, na hapa ndipo pana kazi, basi nitakaa kidogo.

Mwenyeji ni *Oreochromis niloticus*. Alama yake haidanganyi: pezi la mkia lina milia myembamba ya wima, mmoja baada ya mwingine kutoka shina la mkia hadi ncha, kama kitambaa kilichofumwa kwa mistari. Mtanue mkia kwa vidole viwili, umwelekeze kwenye jua. Ukiona milia hiyo imejaa mkia wote kwa mpangilio, umemaliza kazi. Huyu ndiye anayefugwa pia kwenye mabwawa mengi, na tilapia wa barafu wanaotoka ng'ambo kwa kawaida ni wa jamii yake.

Wa pili ni *Oreochromis macrochir*, mgeni kutoka kusini, upande wa mito na maziwa ya Zambia na Katanga. Mkia wake hauna milia ya wima. Una vidoa au wavu hafifu, na dume aliyekomaa huwa na ukingo mwekundu. Paji la uso linashuka kwa mteremko mkali, kama mtu mwenye kipaji kikubwa. Jina lake la kisayansi maana yake "mkono mkubwa", na kweli: pezi la ubavuni, lile lililo nyuma ya shavu, ni refu sana. Likunje kuelekea nyuma uone linafika wapi. Kwake hufika mwanzo wa pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja, hata kulipita.

Wa tatu ni *Oreochromis leucostictus*. Ni mweusi-mweusi mwenye vidoa vyeupe mwilini na kwenye mapezi, na hupenda maji ya kina kifupi yenye majani. Mara nyingi ni mdogo kuliko wale wawili.

Wa nne ni *Coptodon rendalli*, ambaye vitabu vya zamani vinamwita *Tilapia rendalli*. Kifua chake ni chekundu anapokuwa hai. Lakini nimekwisha kusema tusitegemee rangi, basi tazama mkia: nusu ya juu ina vidoa au giza, nusu ya chini ni nyekundu au njano, kama umechovywa kwenye makopo mawili tofauti. Hula majani. Ukiwa unatumia donge la bugali kama chambo karibu na mimea ya majini, ukapata tilapia, mfikirie yeye kwanza.

Ukiwa na shaka bado, na samaki ni wa kula, inua kifuniko cha shavu. Kwenye upinde wa kwanza wa matamvua, upande wa ndani, kuna vijino kama vya kitana. Hesabu vilivyo kwenye mkono wa chini wa upinde huo. Kwa *Coptodon rendalli* utapata kati ya 8 na 12, vinene na vifupi. Kwa wale wa *Oreochromis* ni vingi na vyembamba, kwa kawaida zaidi ya 17. Sababu ni chakula: anayechuja vijani vidogo vya majini anahitaji kitana chenye meno ya karibu; anayetafuna majani makubwa hahitaji. Nawafundisha vijana kuhesabu kwa mti wa kiberiti, na kila mara nafurahi kuona jicho la mtoto linavyowaka hesabu ikikubali.

Nimepata tilapia mwenye alama za aina mbili. Nimekosea?

Huenda hukukosea. Ndugu wa *Oreochromis* wakikutanishwa kwenye maji mamoja huzaliana, na watoto wao huchanganya alama. Mfano unaojulikana sana ni Ziwa Itasy huko Madagaska, ambako *niloticus* na *macrochir* waliopelekwa na watu walizaa machotara wengi mpaka wenyeji wakawapa jina lao. Kwa hiyo mkia wenye milia iliyokatikakatika pamoja na paji la mteremko unaweza kuwa hivyo hivyo. Andika "chotara, labda" kwenye daftari lako, uendelee. Kulazimisha jina ni kosa kubwa kuliko kukosa jina.

Nilipomtoa ndoana, samaki alitema vitoto mkononi mwangu. Ni ugonjwa?

Ni mama. Jike la *Oreochromis* hutunza mayai na vitoto kinywani, na majike ya haplokromisi vivyo hivyo. *Coptodon rendalli* hafanyi hivyo: hutaga kiotani, na wazazi wote wawili hulinda. Kwa hiyo tukio lenyewe ni kitambulisho. Samaki aliyetema vitoto si *Coptodon*, hata kifua chake kiwe chekundu namna gani.

Mara ya kwanza iliponitokea nilikuwa kwenye mawe ya Nguba, asubuhi, maji yametulia. Nilihisi kitu kama punje za mtama uliopikwa zikisukumana kiganjani, nikafungua mkono: vitoto vyenye macho makubwa meusi, kila kimoja bado kimebeba kifuko chake cha kiini cha njano tumboni. Mama yao alikuwa amekonda, kichwa kikubwa kuliko mwili, kwa sababu akiwa na watoto kinywani hali kama kawaida. Kinachotakiwa ni kumrudisha upesi na kwa upole, mikono ikiwa imelowa, na vitoto hapo hapo alipoingia yeye. Baadhi atawaokota tena. Mfuko mmoja wa vitoto haujazi hata kijiko, lakini ukiuacha majini ni chakula cha mwaka unaokuja.

Kitoto cha tilapia na haplokromisi mzima wanafanana. Nitawatofautishaje?

Hili ndilo swali ninaloliombea kila mvuvi aliulize, kwa sababu mimi nilichelewa kuliuliza. Nikiwa kijana nilijaza ndoo ya samaki wa urefu wa kidole, nikijua ni haplokromisi, samaki wasiokua zaidi ya hapo. Niliwapeleka nyumbani kwa furaha. Mzee jirani, aliyekuwa mvuvi wa nyavu, akaingiza mkono ndooni, akachukua mmoja, akampitisha kidole gumba mgongoni, akasema: "Mtoto wangu, hawa wote wangekuwa tilapia wa kilo." Sijaisahau ndoo ile.

Mzee alikuwa anapima magamba. Pitisha kidole kutoka mkiani kuelekea kichwani. Magamba ya haplokromisi yana vijino vidogo ukingoni, yanakwaruza kama msasa mlaini. Ya tilapia ni laini, yanateleza. Hii ndiyo njia ya haraka, inafanya kazi hata gizani.

Halafu tazama mapezi. Kitoto cha tilapia kina doa jeusi nyuma ya pezi la mgongo, mahali miiba migumu inapoishia na sehemu laini inapoanza. Doa hilo hufifia akikua. Dume la haplokromisi halina doa hilo, bali lina vidoa vya njano au rangi ya machungwa kwenye pezi la chini, nyuma ya tundu la haja. Vinafanana na mayai, na kazi yake inahusu mayai kweli: jike likishataga huokota mayai kinywani, huvikimbilia vidoa vile kama mayai yaliyosahaulika, na hapo ndipo dume huyarutubisha mayai yaliyo kinywani. Nimewahi kuliona hili kwa macho, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya jiwe, maji ya shingo ya kuku chini yangu.

Na kuna umbo. Samaki wa sentimita 8 mwenye macho makubwa kwa kichwa chake, mapezi bado mafupi, ni mtoto. Samaki wa sentimita 8 mwenye mwili uliokamilika, taya imara na rangi za harusi, ni mtu mzima mdogo.

Jambo moja wanalofanana wote, na linalowatenga na samaki wengine: kila upande wa pua wana tundu moja tu. Samaki wengi wana mawili kila upande. Ukiona tundu moja, uko kwenye ukoo wa tilapia na haplokromisi.

Na haplokromisi wenyewe kwa wenyewe?

Hapo nashauri unyenyekevu. Wataalamu huwatenganisha kwa umbo la meno na taya, chini ya lenzi. Majike ya aina tofauti hufanana kuliko dume na jike wa aina moja. Majina yao yenyewe yanakuonyesha watu walikuwa wanatazama nini: *paucidens* ni "meno machache", *vittatus* ni "mwenye utepe".

Huyo *Haplochromis vittatus* ndiye mvuvi wa ndoana anayeweza kumjua bila lenzi. Ni mrefu, mdomo mkubwa, ana mstari wa giza unaokwenda kwa urefu wa mwili, na hula samaki wenzake. Akikushika chambo huvuta kwa nguvu usizozitegemea kwa mwili wake. *Haplochromis kamiranzovu* huishi maji ya wazi, mbali na mawe. Waliobaki, andika "haplokromisi", piga picha, mrudishe ikiwezekana. Aina inayoishi ziwa moja tu duniani ikiisha hapa, imeisha.

Nimenunua kikombe cha sambaza, lakini wengine wana madoa ya bluu. Nimeibiwa?

Umechanganyiwa. Sambaza, *Limnothrissa miodon*, aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa kuwa maji ya wazi ya Kivu yalikuwa hayana samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Akashamiri, na leo ndiye anayevuliwa usiku kwa taa na mitumbwi iliyofungwa pamoja. Yule wa bluu ni *Lamprichthys tanganicanus*. Naye ni wa Tanganyika kwa asili, ila alionekana Kivuni kwa mara ya kwanza mwaka wa 2006.

Aliyenifundisha kuwatenga ni mama mmoja wa soko la Kadutu. Nilikuwa namlipia mwenzake wa meza ya pili, akanishika mkono.

"Papa, hii haiko sambaza yote. Pitisha kidole ku tumbo."

"Mama, tumbo inaonyesha nini?"

"Ya sambaza inakata. Ya ule mwingine iko laini."

Alikuwa sahihi kabisa. Sambaza ana ukingo wa vigamba vyenye ncha chini ya tumbo, kutoka kooni hadi tundu la haja, kama msumeno mdogo. Ni alama ya ukoo wake wote. *Lamprichthys* hana. Mama yule hakuhitaji jina la Kilatini; alihitaji kidole, na miaka mingi ya kutenga kikombe kwa kikombe.

Alama ya pili ni pezi la mgongo. Kwa sambaza liko katikati ya mgongo. Kwa yule wa bluu limesogezwa nyuma, karibu na mkia, na chini yake kuna pezi refu linaloanza mbele zaidi. Hata akikaushwa, madoa ya bluu yakipotea yote, pezi la mgongo halihami. Tena magamba ya sambaza hubanduka kwa kuguswa tu. Baada ya kuosha kikombe kimoja viganja vinameta kama umepakwa unga wa fedha.

Madoa ya bluu yanameta zaidi kwa dume. Jike ni dogo na limefifia, ndiyo maana hupita kirahisi ndani ya rundo la sambaza. Ukivua karibu na mawe utamkuta mara nyingi, kwani hutaga mayai kwenye nyufa za miamba.

Sambaza, ndagala, kapenta, dagaa: majina tofauti au samaki tofauti?

Vyote viwili, ndiyo maana watu hubishana mezani.

Sambaza wa Kivu ni yule yule ambaye Burundi humwita lumbu. Ni yule yule pia ambaye shangazi wa Lubumbashi ananunua kwa jina la kapenta ikiwa ametoka Ziwa Kariba, kwa maana alipelekwa Kariba kutoka Tanganyika mwaka wa 1967 na 1968. Samaki mmoja, majina matatu.

Ndagala wanaopanda kutoka Uvira ni mchanganyiko: mna lumbu, na mna mwenzake mwembamba zaidi, *Stolothrissa tanganicae*, ambaye Kivuni hayupo. Wote wawili wana tumbo la msumeno. Kwa mvuvi wa Bukavu swali ni rahisi: ikiwa umemtoa Kivu mwenyewe, ni *Limnothrissa*, basi.

Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria ni ukoo mwingine kabisa. *Rastrineobola argentea* hana msumeno tumboni, pezi lake la mgongo liko nyuma, juu ya lile la chini, na ana mstari wa ubavu unaopita chini chini ya mwili. Sambaza hana mstari huo. Kwenye samaki aliyekauka mstari ni mgumu kuuona, ila tumbo bado litakwambia.

Kambale wangu ni wa aina gani?

Kwanza hakikisha ni kambale. *Clarias* ana sharubu nane, ngozi bila magamba, na pezi la mgongo refu linalokwenda karibu mpaka mkiani. Mkia wake ni wa mviringo.

Goma huletwa samaki wa Ziwa Edward, kutoka Vitshumbi na kwingineko, na humo mna *Bagrus docmak*, ambaye wengi humwita kambale kwa sababu ya sharubu. Mtazame mkia: umegawanyika kama uma. Pezi lake la mgongo ni fupi, lina mwiba mbele, na nyuma yake kuna pezi la pili la nyama, laini, lisilo na miiba. Kivuni hayupo. Akiuzwa kama "wa Kivu", mwambie muuzaji kwa heshima kwamba samaki huyu amesafiri.

Kambale wa Kivu na vijito vyake ni wawili. *Clarias gariepinus* hukua kupita mita moja, na akiwa mkubwa utosi wake hukwaruza kama jiwe la kusugulia visigino. *Clarias liocephalus* ni mdogo, hazidi sana sentimita 30, na jina lake lenyewe maana yake "kichwa laini". Taabu iko kwa *gariepinus* mchanga, ambaye kichwa chake bado laini. Hapo rudi kwenye matamvua: *gariepinus* ana vijino vingi, vyembamba, vilivyobanana, *liocephalus* ana vichache vilivyoachana.

Na uangalie mkono. Mwiba wa pezi la ubavuni huchoma vibaya. Mshike nyuma ya kichwa, vidole viwili vikiwa nyuma ya miiba miwili.

Yule mwenye magamba makubwa na sharubu fupi nne?

*Labeobarbus altianalis*, mkazi wa ziwa na wa Ruzizi. Sharubu jozi mbili mdomoni, magamba makubwa unayoweza kuyahesabu kwa macho, na mifupa mingi ya kukwama kooni, basi mpikie watoto kwa uangalifu. Wadogo zake wa jamii ya *Enteromius* hawapiti kidole. *Enteromius kerstenii* ana doa la rangi ya machungwa kwenye kifuniko cha shavu. Ukipata samaki mwembamba, mdomo mpana, milia myeusi ya wima ubavuni, anayefukuza wadogo juu ya maji, huyo ni *Raiamas moorei*.

Je, mukeke au sangala anaweza kushika ndoana yangu Kivuni?

Hapana. Hao ni wa Tanganyika. Ukiwakuta Bukavu, wamepanda kwa gari.

Nimeshika samaki nisiyemjua kabisa. Nifanye nini kabla hajafa?

Mpige picha papo hapo, bado analowa. Mlaze ubavu, kichwa kielekee kushoto kwako. Ndivyo wataalamu wanavyozoea kulinganisha. Tanua pezi la mgongo na la mkia kwa kidole au kijiti. Weka kando yake rula, au kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake, kama kiberiti. Usitumie kivuli cha mwili wako. Geuka mpaka mwanga ulale juu ya magamba bila kumeta. Picha ya pili iwe ya kichwa kwa karibu, pua na mdomo vionekane. Ya tatu, tumbo.

Halafu andika: siku, saa, mahali, kina cha maji kwa kukadiria, mawe au mchanga au majani, chambo gani. Picha bila mahali haimsaidii mtu, kwa sababu nusu ya utambuzi ni kujua ametoka maji gani. Yule wa bluu alikuwa mgeni asiyejulikana Kivuni kabla ya 2006, na mgeni mwingine akija, wa kwanza kumgusa huenda akawa mtoto mwenye kijiti na uzi pale ukingoni.

Ukishamaliza, kama hakumeza ndoana ndani sana, mrudishe. Kama amekufa, mweke kwenye barafu, si juani, na mfunge peke yake pamoja na karatasi ya maandishi yako. Bukavu tuna bahati ya kuwa karibu na Lwiro, kwenye kituo cha utafiti wa sayansi asilia kilichoanzishwa mwaka wa 1947. Nenda naye asubuhi, kabla jua halijapanda.